Kabla ya kulaumu mashine ya presha, tazama mkono ulivyokaa

Msomaji mmoja wa Nakuru ameniuliza hivi, nami nimefupisha tu:

"Mama ana miaka 71, yuko nyumbani Luanda, kaunti ya Vihiga, na anatumia dawa za presha. Nilimpelekea mashine ya presha ya mkono na ile ndogo ya kubana kidole, ya kupima oksijeni katika damu. Anayempima ni mjukuu wake wa miaka 17 ambaye hajasomea mambo ya afya. Kliniki walipata 138/82. Jioni ya siku hiyo hiyo mjukuu akapata 168/96, kesho yake 151/90. Usiku mmoja mama alikuwa na mafua, ile ya kidole ikaonyesha 86, wakakodi gari hadi hospitali. Kufika huko, 98. Daktari pia amesema huenda mama akavalishwa kifaa cha kurekodi moyo kwa saa 24. Je, mashine zangu ni mbovu? Na kama si mbovu, nitamfundishaje mtoto kwa simu aziweke sawasawa?"

Ndugu yangu, poleni kwa usiku ule. Nianze na kidole, maana nahisi najua kilichowapata. Chukua karatasi, uandike 98 kwa tarakimu za vijiti kama zile za saa ya mezani. Sasa igeuze karatasi juu chini. Umesoma 86, sivyo?

Mashine nyingi za bei nafuu za kidole huandika nambari kwa mwelekeo mmoja tu, hazijui anayezisoma amesimama wapi. Mama amelala, mjukuu amesimama miguuni pa kitanda, taa ni hafifu, na kila mtu ana wasiwasi. Nambari imepinduka na hakuna anayeona kuwa imepinduka, kwa sababu 86 ni nambari kamili isiyo na kasoro. Siwezi kuapa kuwa ndivyo ilivyokuwa, ila 86 ya nyumbani na 98 ya hospitali zinafanana mno. Na kinachonikosesha raha zaidi ni kinyume chake. Mgonjwa mwenye 86 ya kweli akisomewa 98, watu watazima taa walale.

Dawa yake ni ndogo. Tia tone la rangi ya kucha juu ya mashine, upande ule unaopaswa kumtazama anayesoma. Mwambie mjukuu: kwanza soma yale maandishi madogo yaliyo kando ya nambari. Yakisomeka vizuri, nambari nayo iko wima. Yakiwa miguu juu, zunguka upande wa pili wa kitanda.

Nimekaa sana hapo kwa sababu ndani yake mna jambo lote uliloniuliza. Chombo cha kupimia kikiwekwa vibaya hakikatai kazi. Ukiinjika sufuria vibaya, uji utamwagika nawe utaona. Mashine ya presha iliyofungwa kombo huvuma, hulia, na kutoa nambari safi yenye kung'aa, na mtoto wa watu ataiandika kwa uaminifu. Ndiyo maana simlaumu mjukuu hata kidogo. Kazi yetu mimi na wewe ni kuipanga nyumba, kiti na mkanda wenyewe, ili abaki na mambo machache sana ya kukisia.

Sasa presha. Kwa kawaida vipimo vya nyumbani huwa chini kidogo kuliko vya kliniki, kwa sababu mtu akiwa kwake hana hofu ya koti jeupe la daktari. Ndiyo maana kliniki hushtukia 140/90, lakini nyumbani tunashtukia mapema zaidi, 135/85. Nyumbani kukipita kliniki kwa vizio 30, kama 168 yenu dhidi ya 138, mimi hutilia shaka kwanza jinsi mtu alivyokaa. Nasema kwanza, kwa sababu wapo watu ambao presha yao hutulia mbele ya daktari na kupanda wakirudi nyumbani, hasa dawa ya asubuhi inapoisha nguvu. Kwa hiyo usiitupe ile 168, na usimwongezee mama dawa kwa ajili yake. Rekebisha mkao, kisha pima upya.

Niliwahi kuingia nyumba moja Nyalenda, Kisumu, kwa shida kama yako. Mama mwenye nyumba alikuwa amezama katika kochi la sponji, magoti yamepanda juu, mguu mmoja umekaa juu ya mwingine, mkono umelala mapajani. Mkanda ulikuwa umefungwa juu ya sweta. Nilipoingia, binti yake tayari alikuwa amebonyeza, na mama kwa adabu zake akawa ananisalimia huku mkanda ukimbana: habari za safari, watoto hawajambo, mvua mmeipata huko? Nambari ya juu ikapita 160. Sikugusa mashine. Tulimhamishia kwenye kiti cha mbao cha kulia chakula, mgongo ukaegemea, nyayo zote mbili zikakanyaga sakafu, mkono ukawekwa mezani juu ya blanketi lililokunjwa, sweta ikavuliwa. Tukanyamaza dakika tano. Nambari ya juu ikashuka kwa zaidi ya kumi, na mashine ni ile ile.

Mkono una siri yake. Damu ni kimiminika, na kimiminika kina uzito. Kila sentimita 10 ambazo mkanda unashuka chini ya moyo, uzito wa damu yenyewe huongeza vizio kama 7 au 8 ambavyo si vya mgonjwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha mwaka 2024 vipimo vya watu wazima 133: mkono ukiwa mapajani, nambari ya juu ilizidi kwa karibu vizio 4, ukining'inia kando ya mwili, ilizidi kwa 6.5. Mwambie mjukuu hivi: katikati ya mkanda ilingane na katikati ya mfupa wa kifua. Usimwambie "ilingane na chuchu" kama wengine wanavyofundisha. Kwa mama wa miaka 71 alama hiyo imeshuka, na mkono utaifuata kule chini.

Jambo la pili ni unene wa mkono, na hapa ndipo nakuomba ufanye kazi leo leo. Mwambie mjukuu aazime tepu ya fundi wa nguo. Apime kutoka ncha ya mfupa wa bega hadi ncha ya kiwiko, apate katikati, kisha azungushe tepu hapo bila kukaza. Kama tepu haipo, uzi na rula vinatosha. Halafu asome kilichochapishwa kwenye mkanda. Mikanda mingi inayouzwa na mashine imeandikwa 22–32, yaani sentimita. Mama akiwa na mkono wa 36, mkanda huo ni mdogo kwake, na mkanda mdogo hupandisha presha kwa uongo. Mwaka 2023 watafiti wa chuo hicho hicho waliwafunga watu mkanda wa kawaida wakati walihitaji mkubwa: nambari ya juu ilizidi kwa karibu vizio 5. Waliohitaji ule mkubwa kabisa ilizidi kwa karibu 20. Ishirini! Mtu anaweza kuongezewa dawa maisha yake yote kwa sababu ya kitambaa. Mkanda mpana kuliko mkono nao hushusha, kwa hiyo usinunue mkubwa kwa kubahatisha. Na ununue ule uliotengenezewa mashine yako, si wa kampuni nyingine hata kama mpira wake unaingia.

Ya tatu ni pale mkanda unapokaa. Mama anyooshe mkono, kiganja kitazame juu. Kwenye mkunjo wa kiwiko, upande wa ndani, ule wa kidole kidogo, mjukuu abonyeze taratibu kwa vidole viwili mpaka ahisi mshipa unaodunda. Hapo ndipo ile alama ya mshale iliyochorwa kwenye mkanda inapopaswa kuelekea. Ukingo wa chini wa mkanda ukae vidole viwili juu ya mkunjo, na mpira utelemke kuelekea kiganjani. Ukishafungwa, vidole viwili viweze kupenya chini yake kwa kubanwa kidogo. Vikiingia vitatu, umelegea. Ngozi iwe wazi, na mkono wa gauni usisukumwe juu mpaka ukafanya kamba ya kubana. Leso begani na gauni lenye mikono mipana vitamaliza shida hiyo.

Haya ni mengi kwa mtu ambaye hajasomea, najua. Ndiyo sababu siamini katika kuyaeleza kwa simu kila siku. Chagua Jumamosi moja upande matatu uende Luanda, na siku hiyo uyageuze maelezo kuwa alama. Mkanda ukishakaa vizuri mkononi mwa mama, na wewe au muuguzi mkahakikisha, shona mshono wa uzi mwekundu pale mwisho wa mkanda ulipofikia. Kuanzia hapo mjukuu hakisii kukaza wala kulegeza, anafunga mpaka kwenye uzi. Chagua kiti kimoja na meza moja, ukunje blanketi lifikie kimo kinachotakiwa, ulifunge kwa kamba ili lisikunjuliwe. Panga pia mkono mmoja. Siku ya kwanza pima yote miwili, na ule uliotoa nambari kubwa ndio utumike daima.

Kisha mfundishe kwa mikono. Mwache akufunge wewe kwanza, nawe umfunge yeye, ajue mkanda unavyobana na aache kuogopa kwamba anamwumiza nyanya yake. Baada ya hapo fanya makusudi kukosea: kaa ukiwa umekunja nne, funga mkanda kwenye kiwiko, ning'iniza mkono, umwulize kuna kasoro gani. Vijana wanapenda sana kumkosoa mkubwa wakiruhusiwa, na kosa aliloligundua mwenyewe hatalisahau. Kama nyumbani mnaongea Kinyore, mfundishe kwa Kinyore. Maneno ya hospitali hayahitajiki. Ya juu, ya chini na ya mapigo yanatosha, mradi ajue ipi inaandikwa wapi. Nimeona daftari ambalo mapigo yaliandikwa mahali pa nambari ya chini kwa miezi.

Usimwulize "umeelewa?" Mtoto aliyelelewa vizuri atakujibu ndiyo, kwa heshima. Mwambie, "Hebu nionyeshe."

Heshima hiyo hiyo inaleta kikwazo kingine ambacho vitabu vya mashine havikitaji. Mjukuu atamwambiaje nyanya yake anyamaze? Atamwambiaje ashushe mguu, au asubiri dakika tano bila kutoa maagizo ya jikoni? Hawezi, na hatathubutu. Hapo inabidi wewe mwana useme, kwa unyenyekevu na mbele ya wote wawili: "Mama, kwa dakika kumi hizi mjukuu ndiye daktari. Akikuomba unyamaze, naomba umsikilize, mazungumzo yanapandisha presha." Mama akikubali mwenyewe, nusu ya kazi imekwisha. Na awe ameshaenda haja ndogo kabla ya kukaa, kwa sababu kibofu kilichojaa nacho hupandisha.

Ukirudi Nakuru, simu ina kazi moja tu: picha kabla ya kubonyeza. Usiombe picha ya kioo cha mashine, kioo kitakuonyesha nambari tu. Picha ipigwe kutoka ubavuni, ionyeshe bega, mkanda, meza na nyayo kwa pamoja. Wewe tazama: mgongo umeegemea? Miguu imeachana? Mkanda umelingana na kifua? Uzi mwekundu umefikiwa? Ukiridhika, jibu "bonyeza". Bando kidogo tu latosha, na baada ya wiki moja au mbili hutahitaji kuiona kila siku. Kama kijijini kuna mhamasishaji wa afya ya jamii, mwombe apite siku moja. Tangu mwaka 2023 wengi wao wamepewa mikoba yenye mashine ya presha, kwa hiyo atapima kwa yake na mjukuu kwa yake, na wote wawili watajifunza.

Ratiba nayo isiwe ya kupima kila mtu anapopata wasiwasi. Asubuhi, kabla ya dawa na kabla ya chai, mara mbili kwa kupishana dakika moja. Jioni vivyo hivyo. Siku saba mfululizo kabla ya kwenda kliniki. Vipimo vya siku ya kwanza viacheni, tafuteni wastani wa zilizobaki. Kila nambari iandikwe, hata mbaya. Mjukuu asichague ile nzuri ili kukufurahisha.

Turudi kidogo kwenye kidole, kwa kuwa kupinduka si kosa lake pekee. Mashine ile hupitisha mwanga mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, kutoka juu ya ukucha hadi upande wa pili, na hukadiria oksijeni kwa jinsi damu inavyoufyonza. Chochote kinachozuia mwanga au damu kitaiharibu. Rangi ya kucha iliyobaki tangu harusi, hina iliyokolea, vidole vilivyotoka kuosha vyombo kwa maji baridi, mkono unaotetemeka. Kidole kiingie hadi mwisho, ukucha juu, mkono utulie kifuani au mapajani, na asisome mpaka nambari isimame kwa nusu dakika au zaidi. Njia nzuri ya kuikagua ni mapigo. Mjukuu ahesabu mapigo ya nyanya kwenye kifundo cha mkono kwa dakika moja. Yakitofautiana sana na yale ya mashine, basi na oksijeni yake isiaminiwe.

Na kuna jambo ambalo sisi wenye ngozi nyeusi tunapaswa kulijua wazi. Mwaka 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa hospitali za Marekani ulioonyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliofichika, yaani damu haina oksijeni ya kutosha huku mashine ya kidole ikisema iko sawa, ulitokea karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Rangi ya ngozi nayo hufyonza mwanga. Kwa hiyo mama akihema kwa shida, akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikibadilika rangi, msingojee nambari iwape ruhusa ya kutafuta gari. Lakini kama ametulia, anakunywa uji na kuongea, na mashine inasema 86, pasheni kidole joto, badilisheni kidole, geuzeni mashine, mpime tena. Ikibaki chini ya 90 hata baada ya hapo, nendeni. Wewe nawe ukijipima Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, usishangae ukipata nambari ndogo kidogo kuliko ndugu zako wa Kisumu walio chini yako kwa mita 700.

Kifaa cha moyo cha saa 24 kitafungwa na watu wa hospitali, na hiyo ni heri. Vibandiko vyake vina mahali maalumu. Ukitelemsha kidole kutoka kishimo cha koo utafika kwenye tuta dogo la mfupa, ubavu wa pili umeshikana hapo, na kutoka hapo mhudumu huhesabu nafasi za mbavu moja moja. Kibandiko kikihama nafasi moja ya ubavu, mchoro wa moyo unaweza kubadilika. Kazi ya nyumbani ni kulinda. Asubuhi ya siku hiyo mama aoge vizuri na asijipake mafuta kifuani, hata kidogo. Vaseline ndiyo hung'oa vibandiko kuliko jasho. Kabla hawajatoka hospitali, aombe mhudumu wa kike ampige picha ya kifua kwa simu ya mama mwenyewe, rangi za nyaya zikionekana. Kibandiko kikianguka usiku, mjukuu wa kike au jirani mwanamke akaushe ngozi na kukirudisha kwa kufuata picha, kile cha chini ya titi kirudi chini ya titi, si juu yake, na aandike saa kilipotoka. Waandike kama ni saa nne usiku au saa nne asubuhi, kwa sababu mashine hufuata saa ya Kizungu.

Ukiniuliza uanze na lipi, anza na tepu. Nipe unene wa mkono wa mama na maandishi yaliyo kwenye mkanda, na wakati ukitafuta nafasi ya kusafiri, kama mama hupimwa kwenye kochi, mhamishieni kwenye kiti cha mezani. Siku ya kliniki mama abebe mashine yake, mkanda wake na daftari. Muuguzi apime kwa ya hospitali, kisha kwa yake, mkono ule ule, apishanishe mara mbili tatu. Zikikaribiana, mashine ni nzima. Zikiachana kwa zaidi ya vizio 10 ilhali kila kitu kimekaa sawa, hapo ndipo nitakubali kuwa ni mbovu. Na siku yoyote nyumbani ikifika 180/120, apumzike dakika tano na apimwe tena akiwa amekaa ipasavyo. Ikibaki hapo, ampigie daktari wake siku hiyo hiyo. Lakini ikiwa pamoja nayo ana maumivu ya kifua, kichwa kinagonga vibaya, macho yana ukungu, anahema au upande mmoja wa mwili umelegea, mjukuu aweke mashine chini na kuita gari.